Kigoda Kilichopandishwa Cheo

Wananchi mnaarifiwa, kwa furaha kubwa na kwa idhini ya ngazi zote husika, kwamba kigoda cha marehemu mke wangu kimepandishwa cheo. Kuanzia Jumatatu ile si kigoda tena. Ni Sampuli Kuu ya Taifa ya Vitu Vigumu Vilivyokaa Karibu na Nyutroni, Daraja la Kwanza, na ni marufuku kukikalia, kukiegemea, au kukiita kigoda mbele ya wageni.

Tangazo hilo nililisikia kwa masikio yangu mwenyewe, nje ya geti la Taasisi, Katibu akilisoma kwa kipaza sauti ingawa tulikuwa watu wanne. Mimi nilikuwa nimeshika gunia. Nilikuwa nimekuja kukichukua.

Silalamiki. Ukoo wetu haujawahi kupandishwa cheo na mtu yeyote. Mimi ni seremala, niliishia darasa la nne kwa sababu ambazo wakubwa wa wakati ule wanazijua wao. Mke wangu alifanya kazi pale Taasisi miaka kumi na moja, akatoka na cheo kile kile alichoingia nacho. Sasa kigoda, ambacho hakijui hata kusoma saa, kimetupita wote wawili. Ningekuwa mtu wa wivu ningesema neno.

Kwa wale ambao hawajabahatika kufika, Taasisi inachunguza vitu vigumu. Ina ofisi thelathini na moja, na chumba kimoja cha kazi. Chumba hicho hakina dirisha. Katikati kuna pipa la nta, na ndani ya nta kuna kitu kidogo, kama kidonge cha kikohozi, kinachotema nyutroni mchana kutwa na usiku kucha. Si nyingi. Kiwango cha chini, wanasema, kama bomba linalovuja kwa jirani. Pembeni kuna rafu, na kwenye rafu kuliwekwa vitu vigumu kumi na viwili: kipande cha chuma, tofali, kioo, kigae na ndugu zao. Kazi ya vitu hivyo ni kukaa. Baada ya miaka mingi ndipo mtu anakuja na vyombo vyake kutazama huo mvujo mdogo umevifanya nini kwa ndani.

Haya yote nimeyajua kwa mke wangu, ambaye naye hakusoma, ila alikuwa na masikio.

"Baba watoto," aliniambia, "ndani ya chuma kuna punje zimejipanga mstari, kama watoto wa shule asubuhi. Hiyo nyutroni inaingia kimya kimya, haina chaji, hakuna wa kuizuia. Inampiga mmoja kikumbo, anatoka mstarini, anamkumba mwenzake. Kikumbo kimoja si kitu. Lakini acha ipite miaka. Mistari inakuwa na mapengo, chuma kinakuwa kigumu kuliko kilivyozaliwa, halafu siku moja unakigonga hivi tu, kinakatika."

"Kama Mkurugenzi wenu."

"Mwache Mkurugenzi. Hajawahi kuingia humo."

Yeye ndiye aliyekuwa anaingia. Alifagia, akapangusa pipa, na kila nusu saa akasoma kipimajoto cha ukutani na kuandika nyuzi kwenye daftari, maana vitu vigumu vinataka joto lisilobadilika. Wenzake walimwita Mama Nyuzi. Nusu saa hadi nusu saa alisimama, na tangu wiki ya kwanza magoti yalianza kumkataa. Kwa hiyo nikamtengenezea kigoda cha mvule, miguu mitatu, na ubao mwembamba chini wa kushikanisha miguu hiyo. Hakina msumari hata mmoja. Aliniambia chuma kikikaa humo muda mrefu kinaokota tabia, nami sikutaka akalie kitu chenye tabia.

Miezi mitatu iliyopita alikuwa anakunja shuka. Akaniambia nishike upande wa pili. Nilipogeuka, shuka lilikuwa sakafuni na yeye yuko juu yake. Moyo, walisema hospitali, baada ya kutuweka kwenye benchi mpaka hakukuwa na haraka tena.

Taasisi walinirudishia ovaroli yake, miwani yake na kandambili, kila kimoja kwa sahihi yake. Kigoda hawakukirudisha. Na kigoda ndicho nilichokuwa nakitaka. Nyumbani kuna viti sita, vyote kazi ya mikono yangu, vyote imara, na hakuna hata kimoja alichokikalia mchana kutwa kwa miaka kumi na moja.

Baada ya tangazo nikamwendea Katibu. Ni kijana mwenye bidii, shati limechomekwa mpaka unamwonea huruma.

"Kijana wangu, hicho kigoda ni cha nyumbani kwangu."

"Mzee, tafadhali. Sampuli."

"Hiyo sampuli ina miguu mitatu na harufu ya mvule?"

"Sifa zake za kimaumbile bado ni siri."

Akanieleza kwa ufasaha, nami nawaeleza kama nilivyoelezwa. Juu ya Taasisi kuna Mamlaka. Mamlaka imeandika kwamba itamtuma Mpimaji kuja kuona vile vitu kumi na viwili vimefikia wapi. Taasisi ikaenda kuviangalia. Tofali lilikuwa linazuia mlango wa choo cha wageni. Kioo kilikuwa kimejikuta kwenye dirisha la jikoni kwa Naibu Mkurugenzi. Chuma kilikuwa kitasa cha banda la kuku la mtu ambaye si vizuri kumtaja. Vilivyobaki vilikuwa havijulikani vilipo, au vinajulikana mno.

"Havikupotea," Katibu akasema. "Vilihamishiwa kwenye majaribio ya matumizi halisi."

Katika chumba kizima kitu kigumu pekee ambacho hakikuondoka kwenye nafasi yake kwa miaka kumi na moja kilikuwa kile ambacho mwenyewe alikuwa anakirudisha pale pale kila jioni, hatua mbili kutoka kwenye pipa, miguu yake kwenye alama tatu za chaki. Mke wangu alikuwa na utaratibu. Taasisi ikauona utaratibu huo kwa mara ya kwanza alipokuwa ameshazikwa, na ikaupandisha cheo.

Nikapelekwa kwa Mkurugenzi. Wafanyakazi humwita Mchakato, kwa sababu hakuna jambo lililowahi kumfikia likafika mbele.

"Mzee wangu, pole sana na msiba. Suala lako nalijua. Liko kwenye mchakato."

"Mheshimiwa, ni kigoda tu."

"Ndiyo maana. Mambo makubwa yana njia zake. Dogo kama hili inabidi tulitengenezee njia."

"Njia yenyewe ni ule mlango. Nakibeba, napita."

Alicheka kwa upole, kama mtu aliyeambiwa na mtoto kwamba mwezi unaweza kushushwa kwa fimbo. Akaniambia niandike barua. Nikaandika. Yaani shemeji yangu aliandika, mdogo wake marehemu, fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye mwandiko wake ni mzuri na mdomo wake hauna breki. Tuliuliza mambo mawili: kigoda changu kinatoka lini, na je, chumba kile kilimdhuru mke wangu.

Majibu yalikuja siku moja, bahasha mbili, kwa sababu maswali yalikuwa ya idara mbili. Shemeji akazisoma huku pini ziko mdomoni.

"'Kuhusu marehemu. Taasisi inapenda kukuhakikishia kwamba mionzi ya chumba hicho ni ya kiwango cha chini mno. Mtu akikaa humo miaka kumi na moja, hakibadiliki kitu mwilini mwake hata unywele.' Sawa. Sasa hii ya pili. 'Kuhusu kigoda. Kwa kukaa chumbani humo miaka kumi na moja, kifaa hicho kimeathirika kwa kina, kiasi kwamba hakifai tena kurudi katika maisha ya kawaida ya familia.'"

Akatoa pini mdomoni.

"Kwa hiyo dada yangu alikuwa mgumu kuliko mvule."

"Soma tena."

"Nisome nini, shemeji? Sahihi ni ya mtu mmoja. Barua hii kaiandika kabla ya chai, ile baada ya chai."

"Wao ndio wanaojua."

"Wanajua nini? Wewe wakikwambia mbao ya mlango huu inaelea angani utaenda kuishikilia isipae. Unamwachia Mchakato kigoda cha dada?"

"Wanasema ni mali ya taifa."

"Taifa lilikuja msibani?"

"Lilituma salamu."

"Basi na wewe litumie salamu, halafu uende ukachukue kigoda."

Nilikwenda mara saba. Mara ya kwanza mlinzi aliniambia gunia haliruhusiwi kuingia. Mara ya pili nilikwenda bila gunia, akaniuliza sasa nitakibebea nini. Mara ya tatu mpaka ya sita Katibu alikuwa kwenye semina ya kupunguza usumbufu kwa wananchi. Mara ya saba nikaambiwa nina bahati: imeundwa Kamati ya Kushughulikia Suala la Kigoda, Mpimaji wa Mamlaka anafika Alhamisi, nami nimeteuliwa kuhudhuria kama Chanzo.

"Chanzo cha nini?"

"Cha Sampuli. Wewe ndiye uliyeipiga randa."

Alhamisi nikavaa koti, gunia nimelikunja mfukoni mlinzi asilione. Ukumbi ulikuwa umepambwa. Kigoda kilikuwa kwenye kasha la kioo, kufuli tatu, kamba nyekundu kukizunguka na taa inakimulika kutoka juu. Nilikitazama kwa mbali nikaona wamekipaka mafuta ya viatu miguuni. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu mmoja ulikuwa mfupi, nikajizuia nisikigeuze kukitazama.

Wajumbe walikuwa saba: Mkurugenzi, Naibu wake, wakuu wa idara wanne, na Katibu. Mpimaji alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo na begi kubwa. Walimpa maua, akayaweka chini. Walimpa ratiba ya hotuba, akaiweka juu ya maua.

"Tuanze na kitu chenyewe," akasema.

Katibu akasimama na ripoti. "Uchunguzi wa Kamati umebaini kwamba uso wa juu wa Sampuli umebonyea milimita tatu, zaidi upande wa kushoto, na sehemu hiyo inang'aa. Kamati inahitimisha kwamba muundo wa ndani wa mti umeachia kutokana na mapigo ya nyutroni."

"Pipa liko wapi?" Mpimaji akauliza.

"Ubavuni, Daktari. Hatua mbili."

"Nyutroni zinatoka ubavuni, kigoda kinabonyea juu?"

Mkurugenzi akainua kidole. "Daktari, huo ndio ugunduzi wenyewe."

Nami nikainua mkono.

"Huyu mzee anaruhusiwa kusema?" Mpimaji akauliza. Katibu akapekua kanuni.

"Chanzo anaruhusiwa kuthibitisha."

"Basi nathibitisha," nikasema nikisimama. "Nathibitisha kwamba hayo ni makalio ya mke wangu. Mniwie radhi wakubwa. Goti la kulia lilikuwa linamsumbua, kwa hiyo alikuwa analalia kushoto. Na kung'aa ni ovaroli."

Katibu akainama kwa Mkurugenzi. "Tuandikeje hapo, Mheshimiwa?"

"Andika: mchango wa jamii."

Mpimaji hakucheka, ila alivua miwani akaifuta muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo nadhani hata shemeji yangu angeuliza.

"Kitu hiki kimepokea mionzi kiasi gani?"

"Ya kutosha," akasema Mkurugenzi.

"Kwa namba."

"Namba ya jumla, au namba ya kina?"

"Namba yoyote."

Naibu Mkurugenzi akanywa maji ambayo hayakuwemo kwenye glasi.

"Kama hamjui kimepokea kiasi gani," Mpimaji akasema taratibu, "siwezi kukipima nikasema kimebadilishwa na nini. Kitu ambacho hakina rekodi si sampuli. Ni fanicha. Na fanicha ya mtu hurudishwa kwa mwenyewe."

Nikaanza kukunjua gunia.

Hapo ndipo Katibu alipoona kazi yake ya miezi inazama. Kijana yule alikuwa ameahidiwa, Sampuli ikifanikiwa, naye atapanda. Akaruka. "Rekodi ipo!" Akatoka mbio, akarudi na daftari nene na kisanduku cha bati, anahema, uso unang'aa kuliko kigoda. "Daktari, rekodi ipo kamili! Beji saba za kupimia mionzi. Zimening'inia kwenye ule ubao wa chini wa kigoda, wa Sampuli, tangu mwezi wa kwanza. Mchana na usiku. Zinasomwa kila mwezi na namba zimeandikwa. Miaka kumi na moja hakuna mwezi uliorukwa!"

Mimi nilijua habari ya beji, ila sikuwahi kufikiri ni habari. Ziko hivi. Mtu anayefanya kazi karibu na pipa anatakiwa avae beji kifuani, nayo inaandika kimya kimya kilichompata. Ambaye beji yake imeandika kitu anapata siku ishirini za ziada za likizo kila mwaka, nusu lita ya maziwa kila siku, na cheti cha Ushujaa Kazini chenye fremu. Sasa wakubwa wana shughuli nyingi. Kwa hiyo walimpa mke wangu beji zao, kama watu wanaovua makoti mlangoni. "Mama Nyuzi, tutunzie." Naye akazitundika kwenye ubao wa kigoda, zisipotee. Yeye beji hakuwa nayo. Beji zinaanzia ngazi ya nne, yeye alikuwa ngazi ya kwanza.

Mpimaji akachukua beji moja akaigeuza.

"Hii imeandikwa Mkurugenzi."

"Ndiyo, Daktari," akasema Katibu.

"Hii, Naibu Mkurugenzi."

"Ndiyo, Daktari."

"Hii, Katibu."

"Ndi—" akasema Katibu, akaishia hapo. Uso wake ulizimika kidogo kidogo, kama taa ya betri.

"Mkurugenzi," akasema Mpimaji, "nisaidie nielewe. Beji hizi zilikuwa kwenye kigoda, au zilikuwa vifuani mwenu?"

Mkurugenzi akaomba mapumziko ya kiutawala. Wakakusanyika pembeni, vichwa pamoja, na kwa kuwa pembeni ndipo nilipokuwa nimewekwa mimi, nilisikia yote. Wakisema beji zilikuwa kwenye kigoda, Sampuli inapona, lakini kila mmoja ana siku mia mbili na ishirini za likizo ambazo inabidi azirudishe kwa kuzifanyia kazi, na kazi yenyewe ni mle ndani. Wakisema zilikuwa vifuani, kigoda kinaondoka, lakini wao wanabaki mashujaa.

"Maziwa je?" akanong'ona mkuu wa idara mmoja.

"Maziwa yameshanyweka!"

Nimeishi miaka mingi chini ya wakubwa na sijawahi kuona suala linamaliza mchakato upesi namna ile. Hata kikombe cha chai hakingepoa.

"Zilikuwa vifuani mwetu," akatangaza Mkurugenzi. "Muda wote. Mwenzetu Katibu amechanganyikiwa kwa uchovu wa kazi."

"Nimechanganyikiwa," Katibu akathibitisha.

Mpimaji akaandika. "Mchana na usiku?"

"Utafiti haulali."

"Na sikukuu?"

"Tulisherehekea humo humo."

"Mwaka juzi, mwezi wa nane, ulikuwa ziarani ng'ambo mwezi mzima. Ripoti ya ziara ninayo. Beji yako mwezi huo imeandika kama miezi mingine."

Mkurugenzi akaweka mkono kifuani. "Daktari, mwili ulisafiri. Moyo niliuacha kazini."

"Na beji?"

"Beji inavaliwa karibu na moyo."

Mpimaji akaandika na hilo pia, neno kwa neno. Kisha akachukua karatasi nyingine, akaijaza mistari mitatu, akapiga mhuri. Kigoda, miguu mitatu, mti wa mvule, hakina rekodi, ni fanicha, arudishiwe mwenyewe sasa hivi. Kufuli tatu zilihitaji funguo za watu watatu, na kwa bahati wote watatu walikuwepo, jambo ambalo mlinzi aliniambia baadaye halijatokea tangu jengo lizinduliwe. Nikakipokea. Nilipitisha kiganja pale kwenye bonde dogo la kushoto. Nikakaa nacho mapajani kama mtu aliyeshikishwa mtoto.

"Sasa tuje kwenu," akasema Mpimaji.

"Kwetu?" akasema Mkurugenzi.

"Nyinyi ndio mna rekodi." Akafungua daftari. "Kwa saa moja, mionzi hii ni kidogo kweli. Lakini nyinyi hamkutoka. Miaka kumi na moja, mchana na usiku, hatua mbili kutoka kwenye pipa. Mmevuka kikomo cha mfanyakazi, wote saba. Kanuni ya Mamlaka ni moja. Aliyevuka kikomo anaondoka eneo la kazi siku hiyo hiyo, na hasogei ndani ya kilomita moja ya chanzo mpaka wastani wake ushuke."

"Unashuka kwa muda gani? Wiki?"

Akapiga hesabu. "Miaka tisa."

"Lakini Daktari, barua zetu wenyewe zinasema kiwango ni cha chini mno, hakibadiliki hata unywele!"

"Nimezisoma. Kuna nyingine inasema mti umeathirika kwa kina. Nitawapima kwanza nione nyinyi mko upande wa barua ipi." Akawatazama mmoja mmoja. "Kuna mtu hapa anawafahamu tangu zamani? Nataka kujua walikuwaje kabla."

"Walikuwa wagumu hivi hivi," nikasema. "Hilo tusiisingizie nyutroni."

Wakati Katibu anatafuta wino wa mhuri wa kujifukuzia, nikamsogelea Mpimaji na kigoda changu.

"Daktari. Na yule aliyekuwa anakikalia?"

Alinitazama, kisha akalitazama daftari.

"Alifanya kazi saa ngapi?"

"Nane. Jumamosi nusu siku."

Akageuza ripoti ya Kamati, akagawanya kwa penseli nyuma yake. Aligawanya mara mbili, kuhakikisha. "Kama robo ya hizi. Yeye hakuvuka kikomo, mzee. Kwa hesabu hii sioni kwamba ndicho kilichomchukua."

"Huoni, au sicho?"

"Sioni. Angepewa beji yake, ningekujibu."

Katika ofisi zote nilizosimama maishani mwangu, huyo ndiye wa kwanza kuniambia hajui. Nikamwamkia kwa mikono miwili.

Saa tisa mchana mashujaa wakatoka getini. Kwa miguu, kwa sababu magari ni ya Taasisi na hayaendeshwi na watu wasioruhusiwa kuwepo. Mlinzi aliwasainisha mmoja mmoja. Mkurugenzi akakumbuka ameacha kofia yake ofisini, akageuka.

"Samahani Mheshimiwa," mlinzi akasema, akishusha kizuizi. "Huko ni ndani ya kilomita."

"Ni kofia tu, bwana. Naingia, natoka."

"Naielewa hali yako. Andika barua."

Njia ya kutoka Taasisi ni moja, lami nyeupe kwa jua, ukuta mrefu upande mmoja na kivuli chembamba chini yake. Wale sita wengine walitawanyika kila mmoja na simu sikioni. Mimi nilikuwa natembea polepole kwenye kivuli, kigoda begani, gunia mfukoni maana sikutaka kukifunika. Nyuma yangu nikasikia viatu vya ngozi vinaburuzwa. Mkurugenzi alikuwa amelegeza tai, kipara kinametameta.

"Mzee wangu," akasema, anahema. "Ndiyo kilomita hii?"

"Bado, Mheshimiwa. Inaishia pale kwenye nguzo ya tatu."

"Miguu inawaka moto. Sijatembea hivi tangu niteuliwe." Akakitazama kigoda, macho yamelainika kama mtu aliyeona maji. "Hebu kishushe hapo kivulini. Dakika mbili tu."

Nikakishusha. Nikatafuta mahali pasipo na kokoto, nikakiweka miguu mitatu sawasawa, nikakifuta vumbi kwa mkono wa koti, na yale mafuta ya viatu nayo nikayafuta. Nikakisukuma kidogo huku na huku kuona kama kinacheza. Hakikucheza.

Nikakaa.

Nilikaa nikilalia kushoto, maana ndiko kinakopeleka mtu. Mkurugenzi alisimama mbele yangu juani, akisubiri, mikono mbele kama wananchi wanavyosimama.

"Kikoje?" akaniuliza mwishowe.

"Kizima, Mheshimiwa," nikamwambia. "Hakijaathirika hata kidogo."